Nilimwonjea Krishna Chakula Chake Siku Thelathini

Mwanga, Kigoma
Jumapili, 9 Februari 1997

Mpendwa Shangazi Zuleha,

Naomba msaada wako, na ninaweka nadhiri kukueleza yote bila kuruka kitu, hata yale ya aibu, kwa kuwa nilisoma gazetini ulivyomjibu yule dada aliyekuficha nusu ya habari zake na sitaki yanipate yale.

Jina langu ni Leonia, nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, ni Mkatoliki na kwenye kwaya ninaimba sauti ya pili. Mama yangu, Skolastika, ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na moja cherehani yake imekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mama Pravin, mjane wa Kihindu ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo chenye rafu na pazia jekundu, na nyuma ya pazia anakaa Krishna, mungu wake, mtoto wa shaba anayetambaa, hazidi ngumi yangu, ana kitanda chake, ana nguo zake ambazo mama humshonea kwa vipande vilivyobaki, na asubuhi huamshwa kwa kengele.

Tangu niko darasa la sita nilikuwa nikivua viatu mlangoni na kumtazama Mama Pravin akihesabu tasbihi yake ya punje mia moja na nane, macho amefumba, mpaka siku moja akagonga sakafu pembeni yake akasema, "Kaa. Lakini ukikaa, kaa kweli." Nikamwambia mimi nina Mungu wangu. Akasema, "Nimekwambia umwache? Taja jina lake. Punje hazibagui." Basi nikawa ninakaa, na mwanzoni kichwa kilijaa hesabu za shule na viatu vipya vya Diana wa darasani kwetu, lakini siku hizi nikifika punje ya sitini hivi kelele za soko zinakuwepo ila hazinihitaji, na hapo, Shangazi, ninatulia kuliko mahali popote. Mama anasema nikae tu, mradi Jumapili anione misani.

Mwezi wa kwanza Mama Pravin alikwenda Dar kutolewa mtoto wa jicho, akaniachia Krishna. Aliniagiza mambo manne kwa vidole: nioge kwanza, niwashe utambi wa pamba kwenye samli, nimwekee wali wa maziwa na kufunga pazia ale bila kutazamwa huku mimi ninahesabu punje, kisha nikifungua, chakula kile sasa ni baraka, wao huita prasadi, nimpe yeyote aliye mlangoni bila kuchagua uso. Na mwaka huu mlangoni kuna watu, maana boti kutoka ng'ambo ya ziwa hazikomi, na wanaosubiri malori ya kambini wanajaa barazani mpaka mama anashona ameinua viwiko, kwa hiyo kibakuli kimekuwa sufuria na kila mtu anapata kijiko kimoja.

Sasa aibu yangu. Bibi yangu wa Kidahwe amenilea kwamba mgeni hapewi chakula wala kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake, ili ajue hakina kitu, na kutoonja ni kama kumtukana. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mbele ya Krishna, nikachota kijiko, nikameza, nikangoja kidogo aone sijaanguka, nikafuta kijiko kwa upindo wa sketi, nikamwambia, "Karibu, hakina kitu," ndipo nikafunga pazia.

Agnesi, mama mmoja mkimbizi kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, anayemsaidia mama kushona vifungo, alichungulia siku moja akapiga makofi. "Eh! Umemwonjea? Wewe umelelewa! Hata kwetu mgeni haamini chupa ambayo mwenyewe hajainywa." Kisha akapokea kijiko chake, akalamba, akasema, "Lakini mungu huyu iko mzuri sana. Anakulaka kidogo, anabakishaka mingi. Mume wangu angejifunza hapa." Mama akamwambia, "Agnesi, shona vifungo."

Basi Jumatatu iliyopita ikaja barua ya Mama Pravin, ameiandikisha kwa mwanawe, inasema hivi: "Pravin ananicheka, anasema niandike hata lile ambalo kila mtu analijua. Chakula cha Krishna hakionjwi na mpishi, hata kwa ncha ya ulimi. Mimi mwaka wa arobaini huu ninapika na sijui chumvi ikoje mpaka yeye amekwisha kula. Nani atamlisha Mungu masazo yake?"

Shangazi, nilikaa chini. Siku thelathini nimemlisha masazo, na kijiko nikakifutia sketi ya shule.

Na niliahidi yote, kwa hiyo hili nalo: siku ileile nilimjibu kwamba kila kitu kinakwenda kama alivyoagiza. Tangu hapo sionji, lakini kila nikifunga pazia bila kuonja ninaona haya mbele ya Krishna, kama mtu aliyempa mgeni sumu. Mama nilipomweleza alisema, "Mwenye chakula hajalalamika, wewe unalalamikia nini? Unataka tufukuzwe barazani? Cherehani hii nitaipeleka wapi, ziwani?" Na mimi si baraza tu, ninaogopa asiniruhusu tena kukaa pale pembeni yake.

Mama Pravin anarudi kwa treni ya Jumapili tarehe 2 Machi, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuoga na kugonga kengele yake. Tafadhali nijibu katika gazeti la kabla ya siku hiyo: je, nimwambie kabla hajawasha taa, au nimwache asali kwa amani?

Leonia

*

Leonia mwanangu,

Nimekusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejifuta machozi ya kicheko. Uliposubiri kuona kama utaanguka, hapo mwanangu ulinimaliza. Mimi nimezaliwa Ujiji, nimenyweshwa vitu vingi vilivyoonjwa kwanza na wenyewe, kwa hiyo bibi yako wa Kidahwe mwambie nimempa shikamoo. Amekulea vizuri.

Sasa kaa kweli, kama ulivyofundishwa.

Unanipa habari za kuonja kurasa mbili, na habari za ile barua mistari miwili. Unadhani sikuona? Kuonja hukujua. Mama Pravin alihesabu vidole vinne akasahau cha tano kwa kuwa kwake ni jambo la wazi mno, na wewe hukuuliza kwa kuwa kwako nalo lilikuwa wazi. Hapo hakuna mwenye kosa la kuchapwa. Lakini siku ulipojua, ukachukua kalamu ukamwandikia mwanamke aliyefungwa bandeji machoni kwamba yote yanakwenda kama alivyoagiza. Hilo halikutoka Kidahwe. Hilo ni lako, na ndilo linalokufanya uone haya mbele ya pazia. Acha kulisingizia sumu.

Nilimuuliza jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mhindu anayesali kila alfajiri kabla sijafumbua jicho. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema kwamba vyombo vitasuguliwa, yule mtoto ataogeshwa, na mwenye nyumba atamwomba radhi kwa maneno anayoyajua yeye. Umesikia? Mwenye nyumba. Kuna kazi inayomsubiri Mama Pravin, na hawezi kuifanya kama haijui. Ukimwacha "asali kwa amani", amani hiyo ni yako, si yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kile kijiko kitoe chumbani leo. Endelea kupika, usionje, ugawe kama ulivyoagizwa. Tarehe mbili nenda stesheni, mpokee mzigo, mshike mkono kwa kuwa jicho bado bichi, na usimwambie neno pale mbele ya wapagazi. Mkifika nyumbani, kabla hajaoga, mwambie mlangoni, viatu umevua: nilionja siku thelathini kwa kutojua, nikakuandikia uongo kwa kujua, ninaomba radhi kwa vyote viwili. Basi. Usilie, usimtaje Agnesi, usimsukume bibi yako mbele. Akikasirika, mwache akasirike. Mtu wa miaka arobaini ya kupika bila kujua chumvi ana haki ya asubuhi moja ya hasira.

Mama Skolastika, najua gazeti hili litasomwa kwa sauti hapo barazani. Mwanamke anayekupa vitambaa vya kumvisha Mungu wake hatakutoa kwa kijiko cha wali. Uongo ukifichuliwa na mwingine, hapo sitakuwa na la kusema.

Imebaki ile haya yako ya kumnyima mgeni heshima. Leonia, umehesabu punje nyingi lakini hili hukulihesabu. Kile chumba ni cha nani? Kitanda ni cha nani, kengele ni ya nani, nani anapewa kijiko na kuambiwa pokea, ni baraka? Wewe, na Agnesi, na wote walioshuka botini. Mgeni mle ndani si Krishna, mwanangu. Wageni ni ninyi. Mwenyeji ni yeye, na kwa desturi ya bibi yako mwenyewe, anayeanza kuonja ni mwenyeji.

Mama Pravin akimaliza kukasirika, mwambie na hilo. Kisha ukae pale pembeni yake bila kuomba ruhusa, uone kama atakuondoa.

Shangazi Zuleha