Kaseti Zako Zimemfungisha Eustadia

Kanoni, Karagwe,
14 Agosti, 1992.

Mpendwa mwanangu Gaudiosus,

Marahaba. Shikamoo yenyewe hujaileta, huu mwaka wa pili, lakini naiitikia hivyo hivyo isije ikasemwa ni mimi niliyekunyima. Wewe ni mtoto wa namna gani? Ulimzika kaka yako Jumanne, Ijumaa ukapanda lori, na tangu siku hiyo hata migomba ya baba yako imesahau sura yako.

U mzima? Mkeo Kokwijuka ameacha kukohoa? Wajukuu zangu wa huko Tanga wanashiba, au mnawalisha wali mtupu? Mimi magoti yananiuma na jicho la kushoto lina ukungu, lakini kibanja bado napalilia mwenyewe. Ya afya ndiyo hayo. Yaliyobaki si ya heri.

Utashangaa mwandiko. Barua zangu zote alikuwa akiziandika Eustadia, binti wa marehemu kaka yako Anastazi. Leo anaandika Mukandekezi, mke wa jirani yangu Sebahire. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka mdomoni mwangu. Ameshakataa mawili, anasema hayafai kupita posta.

Eustadia hayupo nyumbani. Leo ni siku ya kumi na tisa yuko Kiruruma, kwenye nyumba ya maombi ya mtu anayeitwa Cassian. Wamemfungia. Wanasema ana pepo, na kwamba pepo huyo aliingia kwa kaseti zako.

Sikiliza vizuri, maana mzizi ni wewe. Siku ya msiba ulimwachia mtoto redio kaseti na kaseti nne ulizopewa na mabaharia huko bandarini Tanga, za wazungu wanaopiga magitaa kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Ukajiona umemliwaza, ukaenda zako. Mwenye kukaa na zile kelele nilikuwa mimi.

Unakumbuka tulivyomzika Anastazi. Watu wa Cassian walifika mapema wakasema aliyeokoka haliliwi, anaimbiwa. Kila mwanamke alipofungua kinywa apige yowe, wao walipiga makofi na kuanza wimbo. Mimi niliyemzaa nilinyamazishwa kama mtoto anayelilia sukari. Na mama yake Eustadia, Therese, alikuwa amekufa miezi mitano kabla kwa ugonjwa ule ule, naye wakamzika kwa makofi. Mtoto hakutoa chozi hata moja. Miezi minne alikaa jikoni uso mkavu, ukimpa chakula anakula, usipompa haombi.

Siku moja natoka kuchuma kahawa, nasikia mtu analia nyumbani kwangu. Nikatupa kikapu nikakimbia na haya magoti. Kufika, ni kaseti.

Nikamuuliza, "Huyu amefiwa na nani?"

"Bibi, anaimba."

"Haimbi huyo. Nimezika watoto sita, mtu anayelia namjua. Na hao wenye magitaa ndio wanaomshikilia asianguke."

Eustadia akacheka. Kisha kicheko kikageuka, akalia mpaka ndizi zikaungua chunguni. Sikumnyamazisha. Tangu siku hiyo betri zilikuwa kazi yangu: nilikuwa nazianika juani kama mtama, zikipata nguvu namrudishia.

Sikudanganyi, mambo yalikuja kuzidi. Vijana walianza kuja alasiri kusikiliza. Nywele hawachani, mashati wanayachemsha na matope mpaka yawe meusi. Celestin, mjukuu wa mzee Karekezi, alijivika shingoni mnyororo wa baiskeli ya babu yake, na mzee akashindwa kwenda mnadani siku mbili. Huyo huyo akatengeneza gitaa la kopo la mafuta na nyaya za breki. Walipolipiga, kuku wangu walihamia kwa Sebahire. Niliwafokea, nikawaita mbuzi. Lakini niliwahesabu pia. Walikuwa tisa, na saba kati yao wamezika mama, au baba, au wote wawili. Nikawapikia.

Wazee wakaanza kusema. Kahawa ikanyauka, wakasema ni zile kelele. Sasa kaseti zimeshachomwa moto, na kahawa bado inanyauka, lakini hilo hakuna anayelisema.

Baba yako mkubwa Ndyamukama ndiye aliyekuja na watu wa Cassian. Akaniambia, "Shemeji, unafuga mapepo katika boma la ukoo wetu." Nikamwambia kama kuna pepo hapa ni njaa, na hiyo hajawahi kuja kuifukuza. Hakucheka. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, mimi ni mwanamke niliyekuja kuolewa. Wakamchukua mtoto mbele ya macho yangu.

Juma lililopita nilikwenda Kiruruma kwa miguu. Nilitoka alfajiri, nikafika jua liko utosini. Nilikuwa nimejipanga maneno ya kuivunja ile nyumba. Sasa sikia nilichofanya, na unisamehe. Walinipokea vizuri. Wakanitandikia mkeka, wakaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Gaudiosus, mkono ulikwenda wenyewe. Miaka yangu yote mgeni nimempa kahawa, na nikipewa nimepokea. Nikatafuna, ndipo nikasema namtaka mjukuu wangu.

Cassian akatabasamu, akasema kwa heshima yote ya kwetu, "Bibi, umeshatafuna kahawa yetu, waitu. Utagombana nasi vipi?"

Na ni kweli. Nani atatafuna kahawa ya mtu halafu amtukane uani kwake? Nilimkuta ameniziba mdomo kwa adabu yangu mwenyewe.

Wakamtoa nimwone. Wanawake wawili walimshika, maana mwenyewe hasimami. Wamemnyoa. Kutwa nzima ni maji, jioni uji mwepesi, wanasema pepo hukimbia njaa. Mkono wake niliuzungushia vidole viwili vikakutana. Akaniangalia, akasema taratibu, "Bibi, nimesahau ile kaseti inavyoanza." Wakamrudisha ndani. Nilirudi Kanoni natema mate njia nzima, ile ladha ikakataa kutoka.

Nikaenda kwa Ndyamukama, nikapiga magoti, mimi. Akasema, "Mtoto ana baba mmoja tu aliyebaki, naye yuko Tanga. Akija mwenyewe kumdai, sitamzuia. Kwa neno la mwanamke, hapana." Huyo baba ni wewe. Hakuna mwingine. Wengine wote nimewazika.

Usinijibu kwa barua. Barua haiwezi kumbeba mtoto mgongoni. Hii inaondoka kesho na lori la kahawa mpaka Bukoba, na sijui itakaa njiani siku ngapi, wala yeye ana siku ngapi. Usiku silali, mchana jembe linaniponyoka mkononi. Ukisema bosi wako amekunyima ruhusa, mwambie mama yako amekufa. Nikimpoteza huyu utakuwa hukusema uongo.

Msalimie Kokwijuka na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Sebahire anakusalimu, na Mukandekezi anayeandika hapa analia juu ya karatasi, ukiona wino umetapakaa ujue ni yeye. Mungu aliyemtunza marehemu baba yako katika safari zake za porini akutunze na wewe katika treni na meli, akupe miguu myepesi na uso mgumu.

Ukishuka Kayanga usije kwangu kwanza. Nenda Kiruruma moja kwa moja. Simama uani, usiketi, usipokee kitu cha mtu, sema wewe ni baba yake na umekuja kumchukua. Ukimpata, mbebe mpaka kaburini kwa Anastazi, hapa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na hapo mlie wote wawili kwa sauti mpaka mtosheke. Wewe pia hukulia, nilikuona. Mimi nitasimama njiani, na mtu yeyote akija kuwapigia makofi nitamrudisha kwao.

Mama yako akupendaye kuliko unavyostahili,
Kokushubira