Mzabibu wa marehemu

Mwenzangu, uko hapo? Mzabibu haukuugua. Umekatwa.

Ule ule alioupanda marehemu mume wangu, uliofunika ukuta mzima wa uani. Wiki nzima majani yananyauka, nami nabeba ndoo nikidhani ni kiu. Udongo chepechepe, majani bado yamelegea kama matambara. Nikasema basi ni wadudu. Nikachimba. Mizizi mizima kabisa.

Leo nikafungua kile kitambaa ninachofungia shina lisikwaruzwe na ukuta. Chini yake msumeno umezunguka shina lote, gome limetolewa upana wa bangili. Halafu kitambaa kimerudishwa vizuri, kikafungwa fundo la vitanzi viwili, kama masikio ya sungura.

Masikio ya sungura, mwenzangu. Mimi nafunga fundo la kawaida tu, bila vitanzi. Lile nilimfundisha mwanangu alipoanza kuvaa viatu vya kamba.

Nikamwita. Hata hakukataa.

"Mama, gari langu litakaa wapi na mti umejaa uani? Nilitaka ufe wenyewe, ili usininunie."

Ufe wenyewe. Na kila asubuhi alikuwa akiniona na ndoo, ananiambia, "Ongeza maji, mama, jua kali." Niongeze maji. Mwanangu huyo.

 

Njoo na kisu chako kesho mapema. Matawi ya juu bado yana ubichi kidogo. Tukate vijiti tukavipande kwako, maana hapa kwangu sina pa kuvificha.