Rangi Iliyokataa Kukauka

Mambrui, 14 Juni

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Nakusalimu sana huko Nakuru. Sisi ni wazima, na mamako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama uache kuchora nje kwa kuwa mafuta ya kuchanganyia rangi yamekwisha.

Marehemu babu yako alipokuja kuniposa, baba yangu alimwambia, "Niletee kwanza kazi ya mikono yako." Akasimama shambani siku tatu akichora mahindi yetu kwa rangi za mafuta, na mafuta yakamwishia. Nikampelekea chupa ya mafuta ya nazi kutoka jikoni. "Kwani haya si mafuta?" nikamwambia.

Wiki mbili rangi haikukauka. Siku aliyoahidi kuileta, baba aliikumbatia picha aipeleke penye mwanga, na kanzu yake nyeupe ikabaki na mahindi kifuani.

"Nimeagiza picha, wewe waniletea nguo!"

"Kosa ni langu, mzee," akasema babu yako. Hakunitaja.

Nyuma ya pazia nikashindwa kunyamaza. "Baba, mafuta nilimpa mimi."

Baba akacheka mpaka akakaa chini. "Basi mwafaana. Oaneni kabla hamjaniharibia kanzu nyingine!"

Kwa hiyo chora, mjukuu wangu. Paka rangi nzito kama ilivyo, bila mafuta. Mafuta ya nazi paka nywele. Picha ile siikumbuki vizuri tena, lakini ile sauti iliyosema "kosa ni langu" naisikia hadi leo.

Unikumbuke katika dua zako, pamoja na babu yako.

Bibi yako