Mkutano Ulipokwisha

Matogoro, Jumatatu usiku

Bado ule ukimya wa mkutano wa leo unaniudhi. Mhandisi alieleza vizuri mahali itakapopita laini ya umeme ya kwenda Msumbiji, akauliza kama kuna mwenye maoni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akaandika kwamba wananchi wameridhia, akaondoka na gari lake.

Hata vumbi halijatulia, jirani yangu Mama Upendo akanishika mkono. "Mwenyekiti, nguzo zile zinakuja juu ya chemchemi yetu. Si wazipitishe upande wa pili?" Waliokuwa karibu wakaitikia. Kumbe walijua wote.

Nimemkumbuka marehemu baba. Enzi zake za uenyekiti alikuwa anafunga mkutano kwa sauti kubwa, anakunja karatasi zake, halafu anakaa tena palepale kwenye nyasi na kuomba kikombe cha togwa. Hapo ndipo watu walipoanza kusema. Mimi, mtoto wakati huo, njaa inaniuma, nikidhani anapenda soga tu. Leo ningekaa pale mpaka giza liingie, nimsikie tu akiitikia, "Ehee, endelea..."

Nimempigia mhandisi simu. Atarudi Alhamisi. Nimemwomba afunge mkutano mapema, halafu asiondoke.