Tulipopiga Bila Eliezeri

Jumamosi, 4 Juni 1988

Mazoezi saa nne asubuhi, nyuma ya ghala la kahawa. Jenereta ilisumbua, ikawaka kwa mara ya tano. Tulirudia wimbo wa Bugomora, kijiji chetu. Robo saa nzima wimbo mmoja. Watu wa hapa wamezoea rumba ya Wakongo, lakini tangu dereva wa lori atuletee ile kaseti ya Wanaijeria hatuna hamu ya kitu kingine. Gaspari anapiga ngoma kama mtu mwenye mikono minne. Nestori, Mrundi wetu, anavuta besi polepole. Jamila anaita kwa Kihaya, tarumbeta ya Eliezeri inamjibu.

Leo, mara mbili, tarumbeta haikumjibu. Eliezeri alikuwa anakohoa. Shati lake limekuwa pana. Hakuna aliyesema neno. Mimi pia sikusema.

Jumatano, 8 Juni

Baada ya vipindi Gaspari alinifuata shuleni. Hakutaka kukaa. Anasema Eliezeri ana silimu, huo ukimwi, kila mtu anajua ila mimi. Mke wake Gaspari amemkataza kukaa karibu na Eliezeri.

Nilimwambia kukonda si kosa. Akanijibu, "Mwalimu, wewe unapiga gitaa upande wa mlango. Mimi ndiye nakaa nyuma yake. Yale maji ya tarumbeta anayamwaga miguuni kwangu."

Kweli anayamwaga. Kila mpiga tarumbeta humwaga, ni pumzi yake iliyogeuka maji ndani ya bomba. Miaka sita hatukuyaona.

Jumamosi, 11 Juni

Gaspari alisogeza ngoma zake nyuma hadi ukutani. Alikuja na kikombe chake mwenyewe. Nestori naye hakunywa maji ya mtungi.

Katikati ya wimbo wa pili Eliezeri alishusha tarumbeta, akamwaga maji kama kawaida. Akainua macho, akaona tunavyopatazama pale palipolowa. Akasogeza udongo kwa kiatu, taratibu, akafukia. Kisha akapiga hadi mwisho bila kukosea.

Nimeona aibu mchana kutwa.

Jumatano, 15 Juni

Nimekwenda zahanati kumwuliza nesi. Kwa kikombe? Hapana. Kwa kushikana mikono? Hapana. Kwa tarumbeta? Alinitazama, akaona sitanii, akasema hapana. Alinieleza njia zote zinazoambukiza. Tarumbeta haimo.

Nikawaambia wenzangu. Nestori alinyamaza. Gaspari alisema nesi hapigi ngoma. Ama Eliezeri aondoke kabla ya onyesho letu la Saba Saba, ama aondoke yeye. Ngoma ni zake.

Jamila alikasirika hadi akalia. "Mfukuzeni. Siku mimi nikipata homa nitajua na mimi mtanifukuza."

Mkuu wa bendi ni mimi. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 18 Juni

Nimekwenda kwa Eliezeri. Anakaa na mama yake, kibanja chao cha migomba na kahawa kiko juu kidogo ya kisima. Mama alikuwa anaanika kahawa kwenye mkeka. Nilimsalimu shikamoo, akanikaribisha ndani.

Nikamwambia Eliezeri apumzike mpaka apate nguvu. Nafasi yake ipo.

Akaniuliza, "Umekuja, au umetumwa?"

"Nimekuja."

Uongo. Akaitazama tarumbeta kitandani. Akasema basi nichukue, tutafute mtu wa kuipiga. Nilikataa, nikasema abaki nayo, ni yake. Yalisikika kama maneno ya rafiki. Ukweli ni kwamba sikutaka kuibeba. Yale ya nesi niliyasikia kwa masikio. Mikono yangu haikuyasikia.

Jumamosi, 25 Juni

Mazoezi. Jamila anaita, hakuna anayejibu. Nilijaribu kujaza kwa gitaa. Halijazi.

Gaspari amerudisha ngoma mbele.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba, uwanja wa Kayanga. Watu wengi, vumbi jingi. Tulipanda jukwaani saa nane. Wimbo wa kwanza wakacheza. Wa pili wakacheza. Wimbo wa Bugomora ulipofika mahali pa tarumbeta pakawa na shimo la kimya, na watu wakasimama ndani ya shimo hilo wakitazamana.

Ndipo nikamwona. Amesimama karibu na magari, kavaa koti zito juani, mama yake kamshika kiwiko. Alikuwa na fimbo. Vidole vyake vitatu vilikuwa vinabonyeza juu ya fimbo. Anapiga sehemu yake. Yote. Kila Jamila alipoita, vidole vilijibu.

Nikakosea. Nikasahau kabisa tulipofika. Nikageuka nyuma, nikakuta Gaspari naye anatazama kulekule. Alipoona namtazama, akainamisha kichwa.

Tuliposhuka jukwaani hawakuwapo. Mtu mmoja wa halmashauri alitupongeza. Nilitamani kumtukana.

Jumamosi, 9 Julai

Nimefuta mazoezi. Nimekwenda kwa Eliezeri bila kutumwa.

Nilimwambia yote. Kwamba Gaspari alitoa sharti, nami nikakubali. Kwamba nilidanganya.

Akasema, "Nilidhani unauogopa ugonjwa. Ningekuelewa, hata mimi nauogopa. Kumbe unamwogopa Gaspari."

Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Akasema nije kesho na daftari. Kifua chake hakiwezi tena kupuliza, lakini nyimbo zote anazo kichwani, na mwalimu anajua kuandika.

Jumapili, 17 Julai

Wiki nzima nakwenda kila jioni kabla jua halijazama. Anaimba sehemu za tarumbeta kwa sauti ndogo, do re mi, kama alivyofundishwa na kikundi cha tarumbeta cha kanisani kwao akiwa kijana. Mimi Mkatoliki, tulijifunza kwa kusikiliza tu. Nikikosea ananigonga mkono kwa kalamu. Akichoka anafumba macho, nasubiri.

Leo Jamila alikuja, akamnywesha uji. Nimekunywa uji kutoka kikombe hichohicho. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilitaka kujua kama mikono yangu imeanza kusikia.

Mama yake akanisimulia jambo nisilolijua. Wazazi wa Gaspari walipokimbia kutoka Rwanda, walifikia hapa. Walilala kwenye nyumba ya jiko ya mama huyu msimu mzima wa mvua, mpaka mumewe akawamegea sehemu ya kibanja. Gaspari alizaliwa humo jikoni. Mama alisimulia bila uchungu, akimenya ndizi.

Mimi ndiye niliyepata uchungu.

Jumapili, 24 Julai

Gaspari amekuja. Alifika mpaka kwenye ua na mkungu wa ndizi begani. Akautua chini, akasimama.

Eliezeri alimwona kupitia dirisha. "Gaspari! Ingia bwana, nyumba hii haina mbwa."

Gaspari alisogea hatua mbili. Kisha akasema anakwenda kufunga mbuzi, atarudi.

Tulisubiri mpaka uji ukapoa. Eliezeri akasema, "Tuendelee. Wimbo wa nane."

Jumamosi, 30 Julai

Daftari limejaa. Sauti yake leo ilikuwa ya kunong'ona. Wimbo wa mwisho alikataa kuumalizia. Alisema mwisho wake hajaupenda hata siku moja, tutunge mwisho mwingine.

Gaspari hajarudi.

Alhamisi, 4 Agosti

Eliezeri amefariki leo, kama saa sita mchana. Nilikuwa darasani. Mjumbe alisimama mlangoni nikajua. Niliwaandikia watoto hesabu ubaoni, nikatoka.

Ijumaa, 5 Agosti

Tumemzika chini ya migomba ya baba yake. Mchungaji aliongea kwa ufupi. Kikundi cha tarumbeta cha kanisani kilipiga nyimbo mbili. Walipiga vizuri, lakini kwa kunyooka mno. Yeye angeweka pumziko hapa na pale, angemchelewesha Mungu kidogo.

Nilipofika asubuhi nilimkuta Gaspari ndani ya kaburi anachimba. Watu walitaka kumpokea jembe, akakataa. Alichimba peke yake mpaka likaisha. Alipotoka hakuweza kufungua vidole. Alikwenda mbele ya mama, akapiga magoti. Mama alimwekea mkono kichwani. Akasema, "Nenda kanawe, mwanangu."

Sikuweza kumchukia tena. Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi.

Jumamosi, 13 Agosti

Tulikutana ghalani. Hatukuwasha jenereta.

Niliwaambia kuwa mkuu wa bendi alikuwa mimi, si Gaspari, na niliyemfukuza Eliezeri ni mimi. Nestori alisema yeye alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kauli. Gaspari alisema mkewe aliogopa. Kisha akasema, "Na mimi."

Nilifungua daftari, nikamsomea Jamila sehemu ya tarumbeta ya wimbo wa kwanza. Aliimba mistari minne, akashindwa. Tukatawanyika. Hatukusema lini tutakutana.

Jumamosi, 20 Agosti

Leo nimekwenda kumsaidia mama kuchuma kahawa. Zimeiva kwa wingi na hana mtu. Tulianzia bondeni, yeye mstari wake, mimi wangu. Hewa ilikuwa tulivu. Huko juu jirani alikuwa anapasua kuni.

Hatukuzungumza sana. Aliniuliza habari za shule. Alinionyesha mti wa kahawa uliopandwa mwaka aliozaliwa Eliezeri, akaupita, akaendelea na mwingine.

Tulipopumzika alinikatia ndizi ya kuchoma. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia shule:

"Ule mwezi ulipomwambia apumzike, Mwalimu. Kila Jumamosi alikuwa anavaa viatu asubuhi, anakaa pale mlangoni. Anavivua jua likizama."

Alijipangusa mikono, akachukua kikapu.

Nikainuka nikamfuata. Tulichuma mpaka mwisho wa mstari.