Pijo ya Mzee wa Parklands

Kabiria, Nairobi
Jumapili

Mama Nekesa wangu,

Nakusalimu nikiwa na furaha, nikitumaini wewe na Nekesa mmeamka salama. Je, kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi ni mzima, tena leo nimelala mpaka jua likanikuta kitandani, jambo ambalo sijalifanya wiki hizi zote. Ningepiga simu ya pale dukani, lakini habari hii ni ndefu na dukani kila mtu ana masikio.

Unakumbuka Njoroge, mwenye gereji yetu hapa Riruta, aliahidi kwamba nikitengeneza gari moja peke yangu, mwanzo hadi mwisho, atanipa kazi ya kudumu na kile chumba cha nyuma anachowekea matairi, ndipo nyinyi mje. Basi gari lenyewe likaja. Ni Pijo ya zamani ya mzee mmoja wa Parklands, Mzee Harish. Kwa juu ilikuwa inang'aa. Nilipoigonga chini ya milango, rangi ikadondoka pamoja na fila, ule udongo wa kusawazishia bodi, na ndani yake magazeti! Fundi fulani aliziba matundu ya kutu kwa magazeti, akapaka rangi, akaenda zake. Nilimcheka sana. Kumbe nyani haoni kundule.

Nikakata bati bovu lote, kushoto na kulia, kwa siku moja, ili Njoroge aone nina kasi. Sasa, gari lile halina fremu. Bati hilo la chini ya milango ndilo linaloshika bodi yote. Asubuhi yake mlango wa dereva ukakataa kufunga. Gari lilikuwa limebonyea katikati.

Njoroge akaja, akachungulia.

"Baba Nekesa, hii gari umeivunja mgongo! Mzee akikuja nitamwambia nini? Hiyo gari ilikuwa ya kubeba bibi yake mpaka hospitali, na hata vile alikufa, mzee alikataa kuiuza."

"Nipe wiki moja tu, boss."

"Moja. Ikikataa, chukua nyundo zako uende."

Nilikaa nikanywa chai bila kuionja. Ndipo nikajiona mjinga. Huko nyumbani, nguzo ya jikoni ikiliwa na mchwa, nani huing'oa kabla ya kuegemeza paa kwa mti mwingine? Wewe mwenyewe ulinifokea mwaka ule nilipotaka kuichimba nguzo ile mapema. Nimekuja mjini nikasahau.

Nikaweka jeki mbili chini ya gari, nikazipandisha kidogo kidogo, huku nikichomelea vyuma vya kukingama kwenye nafasi za milango ili bodi isirudi chini. Kupandisha na kupima, kupandisha na kupima. Kisha nikaweka bati jipya upande mmoja, na ulipokamilika ndipo nikagusa wa pili. Nilikuwa naomba kwa sauti, wenzangu wakawa wananitania: "Pasta, gari imeokoka?"

Jana Mzee Harish alikuja. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akausukuma polepole. Ukafunga. Akaufungua tena, akaufunga tena.

"Huu mlango bibi yangu alikuwa anagonga mara tatu ndiyo ifunge," akasema. "Miaka yote."

Nikaogopa, nikidhani hajapenda. Akanipa mkono, nami mkono wangu umejaa grisi, na hakuuachia haraka. Machozi yalinitoka, sioni aibu kukuambia.

Njoroge hajui kumpongeza mtu. Gari lilipotoka alinigeukia tu: "Toa hizo tairi kwa ile room. Familia italala wapi?"

Msalimie Mama, na kaka yako Barasa anayetuchungia ng'ombe. Mwambie aendelee kuwa nao. Shangazi Nafula naye asiache kutuombea.

Matairi nimeyatoa, sakafu nimeifagia mara mbili. Fungeni mizigo.

Mumeo anayewangoja,
Baba Nekesa