Mama, Wanafunzi Wako Walifikia Kwangu

Mama,

Nyumba uliyopanga Riverside, kule Buffalo, tumeirudisha kwa mwenyewe. Kaka Elia alikuja na gari kutoka Louisville akachukua vitabu. Mimi nilichukua vyombo vya jikoni na koti lako la baridi. Neema wangu analivaa kwenda shule. Linamfika miguuni, na nikimwambia alivue ananijibu kwa Kiingereza kwamba ni la bibi yake.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya koti. Ni Dina na Samira.

Habari zao ulinipa nyingi kuliko nilivyotaka. Lile darasa lako la chuo kikuu, la wanafunzi wa uzamili, Wayahudi na Waarabu, uliowafundisha namna ya kusomesha watoto wa kila asili ndani ya chumba kimoja. Kila nikipiga simu: "Mwanangu, nina wanafunzi hapa, nitakupigia." Nyuma yako nasikia vicheko na sufuria. Wao wanakula pilau yako Buffalo, mimi niko Whitehall, huku Columbus, na simu iliyokatwa.

Basi walikuja kukuzika. Mazishi yalikuwa Jumapili, Louisville kwa Elia, na Dina hasafiri Jumamosi kwa sababu ya Sabato yake, kwa hiyo Elia akaniomba niwapokee hapa Columbus tangu Ijumaa. Ningekataaje? Walifika jua halijazama, macho yamewavimba kama yangu. Hilo tu liliniudhi. Wanalia nini? Mama ni wa nani?

Jumamosi asubuhi kulikuwa na wingu zito, sebule giza. Samira akainuka akawasha taa bila kuombwa, maana Dina hagusi swichi siku hiyo. Dina naye alikuwa akimsomea Samira pakiti za kabatini mwangu, asije akala nguruwe bila kujua. Kama ndugu. Mimi na Elia hatujawahi kutunzana hivyo.

Baada ya chakula cha mchana wakagombana. Vita vya kule kwao. Samira ana shangazi huko, Dina ana kaka. Sauti zilipanda mpaka Neema akatoka chumbani. Nikasema moyoni, haya, matunda ya darasa la Mama ndiyo haya. Nilifurahi, Mama. Nilifurahi kweli.

Mara Dina akaanza kuyarudia maneno ya Samira, polepole, mpaka Samira akasema, "Ndiyo. Ndicho ninachosema." Kisha Samira akayarudia ya Dina. Hawakukubaliana. Kila mmoja alilia upande wake wa meza, lakini hakuna aliyeondoka.

"Mama ndivyo alivyotufundisha," Dina akaniambia.

Alikuita Mama. Kwa Kiswahili, na lafudhi yake ile mbovu.

Mimi na wewe tumegombana miaka mingapi? Lini uliyarudia maneno yangu? Yakanitoka: "Ninyi mlimpata yule mwenye subira. Mimi niliachiwa aliyechoka."

Samira akaniangalia. "Unasema tulikula fungu lako."

Nililia... sijui nililia vipi, mpaka Neema akaniletea taulo.

Kesho yake tulikwenda Louisville ndani ya gari langu, wote wanne. Kaburini Dina alikuwa ameshainama kuchota udongo. Nikamsukuma kwa bega nichote wa kwanza. Mimi ndiye binti yako. Yeye akasogea, akanishika kiwiko nisiteleze.

Darasa linaendelea, Mama, na mwalimu mwingine. Wananiita Buffalo nikawaeleze ulivyokuwa nyumbani. Nimekubali, na ahadi hii naiweka kwako: nitakwenda. Lakini usidhani wivu umeisha. Nitawasimulia ulivyoogopa ngazi za umeme, ulivyobishana na redio. Ila ule wimbo uliokuwa ukiniimbia ukinisuka nywele, wakiuliza, nitasema sikumbuki.

Huo ni wangu.

Pumzika, Mama.

Binti yako, Upendo